Punje za Njano

Machi 14

Tumepanda leo. Daktari alinikabidhi ufunguo wa lango mbele ya wenzangu wote, akasema, "Kuanzia sasa huyu ndiye mwenye shamba," nami nikaona aibu na raha kwa pamoja. Alinifundisha chuoni. Yeye ndiye aliyesoma kazi yangu ya mwisho na kuniandikia pembeni, kwa kalamu nyekundu, "Njoo tufanye kazi." Nimekuja.

Shamba lenyewe si kubwa. Uzio wa seng'enge, bango la onyo, mistari ya mahindi ya njano. Tumeyawekea jeni iliyotoka kwa bakteria wa udongoni. Funza wa mabua akiyatafuna, anakufa. Basi. Hayo ndiyo mahindi ambayo redioni wanayasema kama yana pembe.

Watu wakiniuliza kwa nini nimechagua kazi hii huwajibu mambo ya vitabuni. Jibu la kweli ni kwamba nilipokuwa kidato cha pili nilimwona baba akipasua mabua shambani kwetu, moja baada ya jingine, na kila bua lilikuwa na funza. Aliingia ndani, akabadilisha shati, akaenda kufundisha.

Machi 16

Mvua. Matope. Hakuna la kuandika.

Machi 23

Mama mwenye nyumba naye amepanda. Mtaa mzima humwita Mama Spika, kwa sababu akiongea jikoni kwake wanaosubiri gari barabarani wanasikia. Nimepanga chumba cha uani kwake tangu mwaka jana. Bomba la maji analitia kufuli, na anaamini mbolea ya dukani ndiyo inayowafanya watoto wa siku hizi kuwa wabishi.

Shamba lake limepakana na kituo chetu; kati yake na uzio kuna ukanda mpana wa nyasi. Hupanda mahindi meupe, mbegu aliyoachiwa na mama yake, na kila mavuno huchagua mwenyewe ya kupanda mwaka unaofuata. Nusu ya mtaa hupanda mbegu iliyotoka mikononi mwake. Leo alinikuta nikimtazama akifukia mashimo kwa kisigino.

"Unaangalia nini, mwanangu?"

"Naangalia unavyopanda, Mama."

"Kwani huko kwenu mnapandaje? Kwa sindano?"

"Kwa mikono, Mama. Kama wewe."

"Muongo! Nimesikia mahindi yenu mnayachanja kama watoto wa kliniki." Akacheka mpaka mbwa wa jirani akabweka.

Ningeweza kukaa naye nikamweleza. Nilijiambia nimechelewa kazini. Nilikuwa sijachelewa.

Aprili 11

Mistari ya kulinganishia, ile isiyo na jeni, imeanza kutobolewa. Majani yana vidirisha, mashina yanatoa unga kama mbao iliyooza. Mistari yetu imesimama safi. Nilipasua bua moja la huku na moja la kule, nikayaweka yote mawili kwenye meza ya Daktari. Aliyaangalia muda mrefu, kisha akavua miwani.

"Unajua nimeisubiri picha hii tangu lini, binti yangu?"

Nilitaka kumpigia baba simu palepale. Nimempigia jioni. Alisema, "Hata funza mmoja?" Nikamwambia hata mmoja. Nikasikia redio yake ikiongea peke yake.

Aprili 12

Mvua.

Aprili 30

Mvua bado. Mtani ananiita Profesa. Ndiye dereva wetu na mkuu wa vibarua wa shamba, mtu asiyeweza kukaa kimya hata akinywa chai. Leo kauliza kama hii jeni inaweza kuwekwa kwa binadamu ili wakwe wakimtafuna wafe. Daktari alicheka kuliko sisi sote. Ndivyo alivyo: anamjua kila mlinzi kwa watoto wake, na akipita kantini wapishi wanasimama wima. Nimewahi kujiuliza kama ninampenda kama mwalimu au kama mtu ninayetaka kuwa. Jibu la pili.

Mei 17

Mbelewele, yale maua dume ya mahindi, zimeanza kutokeza vichwani. Sasa ndiyo kazi yenyewe. Sharti la kibali chetu ni moja, na ni rahisi kulieleza: kila mbelewele ivalishwe mfuko wa karatasi kabla haijafunguka, ili chavua isipeperuke kwenda kwenye mashamba ya watu. Ukanda wa nyasi peke yake hautoshi. Tumekata mifuko, tumehesabu pini. Kesho tunaanza.

Mei 18

Hatukuanza. Wageni wanaofadhili mradi wanakuja na mpiga picha, na Daktari ameomba tusubiri.

"Shamba lililovalishwa mifuko linaonekana kama wodi ya wagonjwa," alisema. "Waje waone mahindi yanayochanua. Siku moja tu. Hazijafunguka bado."

Niliangalia zile za mstari wa kwanza. Nikasema, "Daktari, hizi za huku zinakaribia."

"Zinakaribia," akakubali, kwa upole ule ule anaotumia kumsahihisha mwanafunzi aliye karibu na jibu.

Mei 19

Wageni hawajafika. Gari lao limekwama kwenye tope. Upepo.

Mei 20

Wageni hawajafika. Asubuhi nilipitisha mkono chini ya mbelewele moja, nikautoa umejaa unga wa njano. Nilikwenda ofisini nikamwonyesha Daktari kiganja changu. Alinipa kitambaa cha kujifutia.

"Wanafika kesho," alisema. "Tukishavalisha mifuko hatuwezi kuvua na kuvalisha tena, zitavunjika. Vumilia."

Upepo unavuma kutoka kwetu kwenda upande wa Mama Spika. Nilisimama kwenye uzio nikaona mahindi yake yametoa ndevu, laini, bado nyeupe, yamejiweka tayari kupokea kitakachokuja.

Mei 21

Wamefika. Wamepiga picha. Mmoja aliniomba nishike jani na kutazama mbali. Nilitazama shamba la Mama Spika.

Mei 22

Tumevalisha mifuko. Mbelewele zilikuwa zimekwisha kumwaga. Tulikuwa kama watu wanaofunika sufuria tupu. Mtani hakutania hata mara moja. Katika taarifa ya wiki Daktari ameandika kwamba mifuko ilivalishwa kwa wakati.

Juni 3

Kupalilia. Mgongo.

Juni 8

Mvua imepungua. Nalala vibaya. Najiambia chavua ya mahindi ni nzito, haifiki mbali, nyingi imeanguka kwenye nyasi. Kisha najikumbusha kwamba mimi ndiye niliyeandika, kwa mkono wangu, kwa nini ukanda wa nyasi peke yake hautoshi.

Juni 21

Mama Spika aliniita jikoni mchana. Alikuwa amechemsha mahindi mabichi ya kwanza.

"Njoo uone maajabu! Mahindi yangu yameshikwa na homa ya manjano!"

Alinipa hindi moja, la moto, akinirushia kama mpira. Lilikuwa jeupe, zuri, limejaa. Na katikati ya weupe ule, hapa moja, pale mbili zimekaa pamoja, punje za njano.

Punje ya hindi haifichi baba yake. Ikipata chavua ya mahindi ya njano inageuka njano papo hapo, kwenye hindi lilelile la mama yake mweupe. Mtaa huu hakuna apandaye mahindi ya njano. Ni sisi tu.

"Limekushinda?" aliniuliza. "Kula, mwanangu, halitakuua."

Halitaniua, najua. Huenda mimi ndiye mtu pekee hapa mtaani anayejua kwa hakika kwamba halitamuua mtu. Nilikula. Lilikuwa tamu. Machozi yalinitoka, akadhani nimeungua, akaniletea maji kutoka kwenye lile bomba lake la kufuli, bila kunung'unika.

Nilimwomba niende na mahindi mawili chumbani.

"Chukua. Mahindi ya njano yanaliwa na kuku, na wewe unakula kama kuku."

Juni 22

Asubuhi nilipita shambani kwa Mama Spika nikichungulia ndani ya maganda, kisha nikayapima yale mawili maabarani. Karatasi ya kupimia ikitoa mstari mmoja, jeni haipo. Ikitoa miwili, ipo. Ilitoa miwili. Nikaenda kwa Daktari, nikaweka hindi mezani kwake, mahali palepale nilipoweka yale mabua mwezi wa nne.

Alilitazama. Hakuuliza limetoka wapi.

"Mangapi?"

"Sijui. Mistari ya upande wetu, karibu kila hindi. Kule mbali machache."

"Amejua?"

"Anadhani yanaumwa."

Alikwenda akafunga mlango. Nitajaribu kuyaandika kama yalivyosemwa, kwa sababu tangu hapo akili yangu inajaribu kuyalainisha.

"Nikuulize kama mtaalamu," alisema. "Je, yana madhara?"

"Hapana."

"Kwake, kwa wajukuu wake, kwa kuku wake?"

"Hapana."

"Basi ukienda kumwambia, utamwambia nini hasa?"

"Kwamba yako shambani kwake."

"Na yeye atasikia nini? Binti yangu, wewe unaishi pale. Atasikia sumu. Kesho mtaa mzima utasikia sumu. Keshokutwa watakuja hapa na viberiti, na kitakachoungua si aibu yangu. Ni mahindi ambayo yangemwokoa mtu kama baba yako. Unataka hivyo?"

Alijua pa kunigusa. Mimi ndiye niliyemsimulia habari za baba.

"Sitaki," nikasema.

"Mimi pia sitaki. Kwa hiyo tutalirekebisha bila kelele. Tutanunua mavuno yake yote, yakiwa bado kwenye maganda, kwa bei ambayo hajawahi kuiota. Tutasema ni ya utafiti, na si uongo. Yataingia kwenye tanuri letu. Hakuna kilichotoroka, hakuna aliyeumia, na mama wa watu amepata."

Nitakubali hapa kwamba kwa muda mfupi niliona ni jambo jema. Kila kitu kilikuwa kimekaa sawa: jeni imerudi, mwanamke amelipwa, mradi umepona. Kisha nikaiona mbegu.

"Akiuza yote atapanda nini?"

"Tutampa mbegu bora zaidi. Bure."

"Ile ni ya mama yake, Daktari. Akiimaliza hakuna duka linaloiuza."

"Ataizoea nyingine. Watu huzoea."

"Kwa nini asiulizwe?"

Ndipo aliponijibu neno ambalo nadhani hata yeye hakulisikia akilitoa. Alisema, "Kwa sababu anaweza kukataa."

Juni 23

Siwezi kuacha kuisikia sentensi ile. Nimeitafutia maana nyingine, sikupata. Na si mtu mbaya. Leo alimpeleka mtoto wa mlinzi hospitali kwa gari lake mwenyewe. Nimegundua kwamba mtu anaweza kuwatendea watu wema maisha yake yote bila kuwahesabu hata mara moja kuwa wana kauli.

Juni 24

Mtani alinifuata stoo.

"Profesa, nimepewa kazi. Jumamosi nakwenda na lori kwa mwenye nyumba wako kumpelekea ofa. Yakianza tu kukauka yanapakiwa, asibaki nalo hata moja. Mimi ndiye wa kumchekesha ili akubali. Nimeambiwa nina mdomo."

"Utakwenda?"

"Nina watoto wanne, dada yangu. Hapa sina maoni." Akaokota pini moja ya mifuko sakafuni, akaigeuza vidoleni. "Lakini nimekwambia ni Jumamosi."

Juni 25

Nimempigia baba. Nilitaka aseme niachane na wazo la kumwambia Mama Spika. Nilimweleza yote kuanzia mifuko.

"Wakikufukuza utakwenda wapi? Kazi kama hiyo haiokotwi."

"Najua, baba."

"Na mahindi yenyewe yatazimwa. Yale ya hata funza mmoja."

"Huenda."

Akazima redio yake. "Yule mama anajua unanipigia?"

"Hajui lolote."

"Basi unaongea na mtu asiyehusika," alisema, na akakata. Sijui kama alikasirika. Nadhani alikasirika.

Juni 26

Nimemwambia.

Alikuwa uani anasugua sufuria kwa majivu. Niliketi kwenye kigoda mbele yake, nikaanza vibaya, nikazungumzia chavua kama ninavyofundisha, akanikatiza: "Kama una mimba, sema."

"Sina, Mama. Zile punje za njano si ugonjwa. Ni mahindi yetu. Upepo ulizileta kutoka kituoni. Ilitakiwa tuzifunike mbelewele, na hatukuzifunika kwa wakati, kwa sababu ya wageni wa picha. Hazina sumu. Ningekuwa najua zina sumu nisingekula mbele yako. Lakini ukizipanda, mbegu yako haitakuwa tena ile ya mama yako. Na Jumamosi watakuja kununua shamba zima, na hawatakwambia kwa nini."

Aliendelea kusugua.

"Tangu lini unajua?"

"Kwa uhakika, siku nne."

"Na kwa wasiwasi?"

"Tangu mwezi wa tano."

Ndipo alipopasuka. Sitayaandika yote. "Umelala kwangu! Umekula kwangu! Nimekuonyesha mahindi yangu yanaumwa, ukanilia hapa, nikakupa maji!" Akasimama na sufuria mkononi, nikadhani atanipiga nayo, na ningemwacha. "Mmekuwa mkinitazama kama nani? Kama ng'ombe? Ng'ombe naye humwambii, unampeleka tu!"

Sikujitetea. Nilipomaliza kutukanwa nilikwenda kuandika taarifa kwa kamati ya usalama wa mbegu, ile iliyotoa kibali chetu. Nilitia jina langu. Nakala nilimpelekea Daktari mwenyewe, mkononi, kwa sababu sikutaka aisikie kwa mwingine. Aliisoma amesimama. Akasema tu, "Ungeweza kuwa mkubwa sana."

Juni 27

Bomba limefungwa. Nimeteka maji kisimani.

Juni 28

Lori lilikuja. Mtani alishuka, hakuchekesha, alisema tu bei. Mama Spika alimjibu kwa sauti ambayo nina hakika kamati waliisikia huko makao makuu. Mtani aliporudi kwenye usukani alinitupia jicho na kusema, "Mdomo umegonga mwamba." Alionekana kama mtu aliyepona homa.

Juni 29

Watu kama arobaini wamejaa uani. Daktari hakukosea kuhusu hilo: wamesikia sumu. Mmoja alikuja na dumu la petroli kabisa, amelishika kama anakwenda sheli. Walitaka kuanza na shamba la jaribio na kuendelea mpaka maabara.

Mama Spika alinivuta mkono kutoka chumbani, mara ya kwanza kunigusa tangu Alhamisi, akanisimamisha juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Ulizeni! Huyu ndiye anayejua. Akidanganya nitamwona, hajui kudanganya, analia."

Waliniuliza. Je, wanawake wataacha kuzaa? Hapana. Je, yana chembe za nguruwe? Hapana, za bakteria wa udongoni. Je, mwanangu ana upele, ni hayo? Mpeleke kliniki, lakini si hayo. Je, mbegu hii ina mwenyewe? Nilisita hapo, kwa sababu hilo ndilo gumu. Ndiyo, nikasema, jeni ina kampuni iliyoisajili, na mtu akiipanda bila ruhusa wanaweza kusema ni yao.

"Yaani watuletee wao, halafu tuwe wezi sisi?" akauliza mwenye petroli.

"Ndiyo maana ilipaswa muulizwe kwanza."

Ndipo Fundi Baiskeli, jirani wa tatu, alipopaza sauti. "Mimi nayataka!"

Wote wakamgeukia.

"Mnanitazama nini? Funza wamenimaliza misimu miwili. Kama haya hayaliwi, mimi nayataka. Mbona mimi pia sikuulizwa?"

"Yapande kwako!" akafoka Mama Spika.

"Si nitapanda kwangu?"

"Na unga wake utakuja kwangu! Umemsikia msichana, unapepea!"

"Basi ujenge ukuta!"

"Kajenge wewe mdomoni!"

Watu wakacheka, na yule wa petroli akaweka dumu chini ili acheke vizuri. Waligombana mpaka jua likateremka. Hapakuungua kitu. Nilikuwa nimesahau, kwa kusoma kwangu kote, kwamba watu wakielezwa jambo hawageuki kundi moja. Kila mmoja hurudi kuwa yeye mwenyewe.

Julai 2

Nimeachishwa kazi. Sababu: kutoa siri za kituo. Nilirudisha ufunguo wa lango.

Julai 3

Bomba limefunguliwa.

Julai 10

Wakaguzi wa kamati wamekuja, watatu, na viatu safi. Walituita sote kwenye ukumbi wa kituo. Daktari alieleza kwamba mifuko ilichelewa kwa sababu ya mvua. Alieleza vizuri, kama kawaida yake. Karibu nikumbuke mvua hiyo.

Mkaguzi akamgeukia Mtani. "Wewe ndiye uliyesimamia vibarua. Nani alisema msubiri?"

Mtani alitazama kofia yake. Niliwaona wale watoto wake wanne wamekaa mabegani mwake, na sikumdai chochote. Akasema, "Ni Daktari, mkuu. Kwa ajili ya picha. Mvua haikuwepo, ulikuwa upepo." Kisha, kwa sababu ni Mtani, akaongeza, "Picha zilitoka nzuri."

Julai 14

Uamuzi: jaribio limesimamishwa. Punje zote za njano zitengwe na kuteketezwa mbele ya wenyewe. Kituo hakiwezi kupanda tena mpaka majirani wote wanaopakana nacho waelezwe na wakubali. Fundi Baiskeli amenuna. Anasema njano zinachomwa bila yeye kuonja.

Mtani amehamishiwa stoo. Hajafukuzwa.

Julai 26

Jua kali. Mahindi yanakauka.

Agosti 4

Tumevuna. Tumeketi uani, wanawake sita na mimi, tunamenya na kuchagua. Mahindi yenye njano huku, meupe matupu kule, na ya mistari ya mbali peke yake, maana ya mbegu yatatoka humo. Wakaguzi walipima sampuli ya hayo meupe: mstari mmoja, mmoja, mmoja. Mbegu ya mama yake imepona, ingawa ni kidogo kuliko mwaka wowote. Mwakani mtaa utapanda pungufu. Wameambiwa sababu, na walipoambiwa wote waliniangalia mimi.

Mama Spika huchukua punje za katikati ya hindi tu, za kichwani na kitakoni hazitaki. Nilimwuliza kwa nini.

"Sijui. Mama alifanya hivyo."

Nilianza kumweleza sababu ya kitaalamu. "Nyamaza, menya," akasema.

Agosti 9

Daktari amekuja. Alikuja kwa miguu, peke yake, akabisha hodi kwenye lango la uani na kungoja aitikiwe. Mama Spika alimwonyesha kigoda. Alikaa, magoti yamemfika kifuani, suruali yake nzuri imejaa makapi.

"Nimekuja kukueleza," alisema, "halafu nikuombe."

Akaeleza. Yote. Jeni ni nini, imetoka wapi, chavua inafika wapi, nani ana hati yake, nini bado hakijulikani. Alisema kwamba mifuko haikuvalishwa kwa sababu yake. Sijawahi kumsikia akifundisha vizuri hivyo, hata chuoni. Mtu niliyetaka kuwa alikuwa amerudi, amekaa kwenye kigoda uani kwetu, na nilijikuta nainama mbele, namwombea. Kwa sababu nayataka yale mahindi. Nataka yavuke uzio kwa miguu yao, mchana, yakijulikana yanakokwenda. Majirani wengine wote wameshasema ndiyo. Imebaki sahihi moja.

Mama Spika alimsikiliza bila kumkatiza, jambo ambalo wanawake wote waliliona.

"Ungekuwa wewe ndiye mwenye shamba hili," akamwuliza, "ungekubali?"

"Ningekubali."

"Nakuamini. Umesema vizuri, na nimekuelewa." Akapukuchua hindi moja mpaka gunzi likabaki tupu. "Hapana."

"Mama, labda kuna jambo sikuliweka wazi..."

"Umeliweka wazi. Ndiyo maana nimeweza kukujibu."

Daktari akanigeukia. Macho yake yalikuwa mekundu, na hayakuwa na hila hata kidogo.

"Mwambie, binti yangu. Wewe unayaamini mahindi haya. Mwambie."

Wanawake waliacha kumenya. Mama Spika hakunitazama. Alichukua hindi jingine.

"Nayaamini, Daktari," nikasema. "Na yeye amesema hapana."